Acheni Kuuziana Sekunde

Wasee, wiki hii nimetumiwa klipu tisa za vijana wakikimbia yadi 40. Tisa! Mbili za Voi, moja Mwatate, zingine Mombasa na Nairobi. Zote zinafanana: msee ameshika simu, mwingine anapiga kelele "twende!", halafu namba kubwa nyekundu inatokea kwa skrini. 4.4. 4.38. Mmoja amejiandikia 4.29, na miguuni ana akala. Boss, kama hiyo ni kweli, achana na NFL, panda matatu uende Kasarani ukamtafute Omanyala, nchi inakuhitaji.

Natania lakini nimekasirika, kwa sababu chini ya hizo klipu kuna watu wanauza. "Programu ya kushusha 40 yako, lipa Till namba hii." Na wanaonunua ni watoto wa form three ambao wameskia kwamba NFL inatafuta Waafrika wakubwa wenye kasi. Hiyo sehemu ya kutafuta ni kweli. Tangu 2017 ligi ina mpango wa kuchukua wachezaji kutoka nje ya Marekani, na wengi wao wanatoka raga. Ule uongo uko kwa namba.

Kwa wale hawajui: yadi 40 ni mita 36.58. Kila mwaka, wanaotaka kuingia NFL wanaenda Indianapolis wanapimwa urefu, uzito, kuruka, na hizo mbio. Mbona 40 na si 50? Inasimuliwa kwamba kocha Paul Brown wa Cleveland alitaka kujua mtu anachukua muda gani kufika mahali mpira uliopigwa juu unaangukia. Yaani umbali ulichaguliwa kwa kazi moja mahususi, halafu ukageuka kipimo cha kila mtu, hadi bonge la kilo 140 ambalo kazi yake ni kusukumana hatua mbili.

Sasa tuongee kuhusu taiti endi, maana ndiyo nafasi kila msee mrefu wa raga anaambiwa ni yake. Unamjua Travis Kelce, yule wa Taylor Swift? Hiyo ndiyo kazi yake. Taiti endi anasimama pembeni mwa ule ukuta unaomlinda mrushaji. Saa zingine anazuia jitu lenye kilo 120 lisipite. Saa zingine anajifanya anazuia, anachomoka, anakata kona, anageuka na kudaka mpira huku mtu amemrukia mgongoni. Ni fundi wa kazi mbili kwa mshahara mmoja. Sasa niambie ni wapi katika hiyo kazi anakimbia mita 36 kwa mstari ulionyooka, bila kuguswa, bila mpira, akianza wakati ambao yeye mwenyewe ameamua.

Ndiyo, wakati ameamua yeye. Riadha ikilia bunduki, saa imeanza, uwe umeskia au umelala. 9.77 ya Omanyala pale Kasarani Septemba 2021 imebeba ndani yake muda wa kuskia mlio na kuondoka. Yadi 40 za Indianapolis, kwa miaka mingi mtu anabonyeza saa akiona mkimbiaji ametikisika, na mwisho ndio unapimwa na mashine. Kwa hivyo hata ile namba ya wakubwa si safi kama mnavyodhani. Ya simu yako je? Kwa mita 100, watu wa riadha huongeza sekunde 0.24 kwa muda wa saa ya mkono ndio ukaribiane na wa mashine. 0.24 kwa yadi 40 ni dunia nzima. Ni mtu wa 4.67 kutembea mtaani akijiita 4.43.

Na hata ukipimwa vizuri, namba inasema kidogo sana. Cheki hii. Mwaka 2018 Baltimore Ravens walichagua taiti endi wawili katika drafti moja. Hayden Hurst alichaguliwa wa 25. Mark Andrews akangoja hadi wa 86. Wote walikuwa wamekimbia 4.67. Saa moja, timu moja, mwaka mmoja. Hurst waliyemthamini zaidi waliachana naye 2020, akapelekwa Atlanta. Andrews mwaka 2021 alidaka mipira ya yadi 1,361 akatajwa taiti endi bora wa ligi nzima. Ile saa ilikuwa imeona nini? Haikuona kitu. Haikuona mikono, wala jinsi Andrews anajua kusimama katikati ya watu watatu mahali ambapo mrushaji anamuona.

Kuna Antonio Gates pia. Chuoni alicheza basketi. Hakuchaguliwa na timu yoyote 2003, akaingia Chargers kwa mlango wa nyuma, akaondoka na tachidauni 116, ambazo hakuna taiti endi mwingine amefikisha. 2025 wakamuweka kwenye jumba la magwiji. Na Brock Bowers hakukimbia yadi 40 kabisa pale Indianapolis 2024, akachaguliwa wa 13, na msimu wake wa kwanza akadaka mara 112, rekodi kwa mchezaji yeyote mgeni.

Najua kuna mtu tayari anaandika komenti: "Na Vernon Davis?" Sawa. Davis alikimbia 4.38 mwaka 2006 akiwa na kilo kama 115, akachaguliwa wa 6, na akacheza vizuri miaka mingi. Sijasema kasi ni takataka. Mtu mkubwa mwenye kasi ni balaa, hilo halina mjadala. Ninachokataa ni kufanya ile namba kuwa mlango, halafu kumkabidhi ufunguo mtu mwenye simu ya kioo kilichopasuka.

Maana hapa kwetu ndivyo inafanyika. Kuna jirani yangu hapa Kishushe, simtaji jina. Mrefu kupita mlango wa kwao, kilo zaidi ya mia, anabeba kreti za nyanya kutoka shambani hadi barabarani kama amebeba mkoba. Tukirusha mpira anadaka kwa mkono mmoja, na huo mwingine anakusukuma. Mwaka jana alienda majaribio fulani, akalipa kiingilio. Akakimbizwa mara moja kwenye vumbi, jua la saa saba, saa ya simu. 4.9. Wakamwambia asante, mwingine. Hakuna aliyemrushia mpira. Hakuna aliyemwambia asukumane na mtu. Hata Indianapolis wenyewe wanakupa mara mbili!

4.9, ukipiga hesabu, ni wastani wa karibu kilomita 27 kwa saa kwa mtu ameanza akiwa amesimama. Ndovu wa Tsavo wakiingia shamba zetu usiku wanakimbia kama 25. Na nikwambie, hakuna mtu wa Kishushe amewahi kumtoroka ndovu kwa mstari ulionyooka. Unakata kona, unapita nyuma ya mti, unageuka. Hiyo ndiyo kasi ya taiti endi, wasee. Hatua za kwanza, kusimama ghafla, kubadilisha njia ukiwa na uzito wako wote. Ndiyo maana kule kwenyewe wanaandika pia muda wa yadi 10 za kwanza, mita 9 na kitu, na wana mbio zingine za kuzunguka koni. Hizo hakuna mtu anapostia klipu, kwa sababu hazina namba ya kutisha.

Nchi hii tumezoea kupenda namba moja. C+ au uko nje. Ukienda kusajiliwa jeshi, futi 5 inchi 3 au rudi nyumbani. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na bado kuna watu wanauliza nilipata ngapi KCSE kabla waskie ninachosema. Kwa hivyo naelewa mbona 4.4 inatushika hivi. Inafanana na kila kitu kingine tumewahi kupimwa nacho.

Sasa hoja nzito ya upande wa pili, na hii naiheshimu. Wanasema: mtoto wa Marekani ana video za mechi miaka minne ya chuo, wa Kenya hana kitu. Bila namba atajulikanaje? Ni kweli, namba inaweza kukufikisha mlangoni. Lakini angalia wanaofika. Daniel Adongo, Mkenya, mtu wa raga, alisainiwa na Indianapolis Colts 2013 akiwa hajawahi kucheza huo mchezo hata siku moja. Mwili ulikuwa wa kutisha. Desemba hiyo akaingia uwanjani, heshima kubwa sana kwake. 2015 wakamwachilia. Louis Rees-Zammit wa Wales alikimbia 4.43 Machi 2024, namba ambayo nyinyi mnaiota usingizini. Chiefs wakamchukua, Agosti wakamkata. Akaenda Jacksonville, na 2025 akarudi raga. Hawa si wazembe, ni wanamichezo hatari. Walichokosa hakiko kwa saa. Ni ile miaka ya kudaka, kusoma ulinzi, kujua mguu uweke wapi, na hiyo huwezi kununua kwa Till.

Kwa hivyo nyinyi mnaofanya majaribio na kuchukua kiingilio cha watoto: andikeni kwa bango mnapima na nini. Kama ni simu, semeni ni simu. Pimeni mita 36.58 kwa tepu, si kwa hatua za kocha. Mpeni kila mtu mara mbili, kabla ya jua kuwaka. Pimeni yadi 10. Rusheni mpira, hata mara kumi tu. Mkishindwa na hayo, rudisheni pesa.

Na wewe wa form three unayetaka kununua hiyo programu, bei yake inakaribia ya mpira. Nunueni mpira, watu wanne mchangiane. Olimpiki ya Los Angeles 2028 itakuwa na aina ya huu mchezo isiyo na kugongana, mtu anavutwa kitambaa kiunoni badala ya kuangushwa. Huo hauhitaji helmeti wala mabega ya plastiki, unahitaji uwanja na watu wa kurushiana.

Sisi Kishushe tuko uwanja wa shule kila Jumamosi saa kumi jioni. Yule jirani wa 4.9 anakuja. Njoo na 4.29 yako umkabe.