Mji Mpana na Nauli Ndogo

Wengi kati yenu mwaujua mji wa Dar es Salaam kwa jina tu, na wengine mmefika huko kwa biashara au kumtazama ndugu. Mji ule si mgeni kwa nchi yetu. Kwa mapatano ya mwaka 1921 Wabelgiji walipewa sehemu yao bandarini pale, ili mizigo ya Kongo ipite kwa gari moshi hata Kigoma, kisha ivuke ziwa Tanganyika. Hata leo wafanyabiashara wa Lubumbashi, wa Bukavu na wa Goma hushuka huko kutafuta nguo na vyombo katika mitaa ya Kariakoo. Basi, juma hili twapenda kueleza jinsi watu wa mji ule wasio na magari yao wenyewe wanavyokwenda kazini, sokoni na shuleni. Katika habari hiyo mna fundisho hata kwa sisi tukaao mbali na bahari.

Kwanza tuutazame mji wenyewe. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha mkoa wa Dar es Salaam una watu 4,364,541. Ile ya mwaka 2022 ilionyesha watu 5,383,728. Ndiyo kusema, katika miaka kumi waliongezeka zaidi ya milioni moja. Watu hao hawakujenga kwenda juu, ila wamejenga kwenda mbali. Nyumba zao nyingi ni za chini, kila moja na uwanja wake, nao mji umetambaa ukiandama njia kuu nne, kama vidole vinne vitokavyo katika kiganja kimoja. Njia ya Bagamoyo yaelekea kaskazini, ikipita Mwenge na Tegeta. Njia ya Morogoro yaelekea magharibi, ikipita Ubungo, Kimara na Mbezi. Njia ya Nyerere yapita uwanja wa ndege kwenda Gongo la Mboto na Pugu. Njia ya Kilwa yaelekea kusini, kwenye Mbagala. Kiganja ni mji wa kale kando ya bandari, penye ofisi, maduka makubwa na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu.

Mkiuelewa mfano huo mtaona shida yake pia. Asubuhi vidole vyote vyasukuma watu kiganjani, na jioni kiganja chawarudisha. Anayekaa kwenye kidole kimoja na kufanya kazi kwenye kingine hulazimika kupanda gari mara mbili au tatu, na kila mara nauli yake. Umbali ni kodi isiyoandikwa, na maskini ndiye huilipa zaidi, kwa sababu kiwanja rahisi hupatikana mbali.

Zamani kazi ya kuwachukua watu ilikuwa ya shirika la serikali. Mwaka 1974 lilianzishwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Lakini mabasi yake yaliharibika, vyuma vya kutengenezea vikakosekana, na watu wakazidi kuwa wengi. Hapo wenye magari madogo wakaanza kubeba abiria bila ruhusa, kwa kujificha. Mwaka 1983 serikali iliwakubali na kuwapa leseni. Nauli ya siku zile ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala. Makonda wakaita barabarani, “Dala! Dala!”, na magari yakapata jina la daladala. Nauli imepanda mara nyingi tangu hapo, jina halikubadilika.

Mgeni akitaka kupanda daladala, asome maneno yaliyoandikwa mbele ya gari: ndiyo mwanzo wa safari na mwisho wake. Tena aitazame rangi ya mshipi uliopakwa ubavuni, kwa maana rangi zaonyesha njia. Nauli aiweke mkononi, iwe fedha ndogo ndogo, asifungue mkoba mbele ya watu. Akikaribia kituo chake aseme kwa sauti, “Shusha!”, naye konda atagonga bodi kumjulisha dereva. Asipojua kituo amwulize jirani yake. Kuuliza si ujinga, na watu wa pwani huona vibaya kumwacha mgeni apotee. Saa za jioni atashangaa kuona vijana wakiingia kwa dirisha ili kupata kiti. Wengine hufanya ujanja ulio bora zaidi: hupanda gari likiwa bado linakwenda mwisho wa njia, wakalipa nauli mbili, nao hurudi wameketi. Jambo hilo huitwa kugeuza.

Mwezi wa Mei 2016 ulianza utaratibu mpya, yaani mabasi yaendayo haraka, ambayo wenyeji huyaita mwendokasi. Katikati ya njia ya Morogoro, kutoka Kimara hata Kivukoni, zilitengwa njia zisizoruhusiwa kwa magari mengine, na matawi yake yafika Morocco na Gerezani. Njia hizo za mwanzo pamoja zilikuwa kilometa 20.9. Abiria hulipa kabla ya kupanda, kisha husimama katika kituo kilichoinuliwa sawa na sakafu ya basi, hata mzee na mama mwenye mtoto huingia bila kupanda ngazi. Safari iliyokula saa mbili kwa foleni ilipungua sana. Kwa kazi hiyo mji ulipata tuzo ya kimataifa ya usafiri kwa mwaka 2018. Ila tusifu kwa kipimo. Mabasi ya mwanzo yalikuwa 140, nayo hayakuwatosha watu. Saa za asubuhi vituo hujaa hata pumzi ikakosa nafasi. Tena karakana yao ilijengwa katika bonde la Jangwani, karibu na mto Msimbazi, na mvua za masika zilipofurika maji yaliingia humo na kuharibu baadhi ya mabasi. Mto haukufanya kosa; ulirudi tu kwake.

Ziko njia nyingine. Watu wa Kigamboni huvuka mlango wa bandari kwa pantoni, safari ya dakika chache, na tangu Aprili 2016 magari yaweza kupita juu ya daraja la Kigamboni, lenye urefu wa meta 680. Mwezi wa Oktoba 2012 lilianza gari moshi la mjini la asubuhi na jioni, na watu wakaliita kwa jina la waziri aliyelianzisha, treni ya Mwakyembe. Penye vichochoro hupita pikipiki za bodaboda na bajaji za magurudumu matatu.

Sasa tufike kwenye jambo lituumizalo zaidi, nalo ni la watoto wa shule. Sheria yaagiza mwanafunzi alipe nauli ndogo kuliko mtu mzima. Sheria ni nzuri. Lakini mwone mtoto mwenye sare kituoni saa kumi na mbili asubuhi. Daladala lafika, konda asimama mlangoni na kuzuia kwa mkono: “Mwanafunzi mmoja tu!” Wengine ishirini hubaki. Gari la pili vivyo hivyo. Mtoto hufika shuleni wakati wenzake wamekwisha anza somo, huadhibiwa kwa kuchelewa, na jioni hurudi nyumbani gizani. Tena aliyebahatika kupanda huambiwa asimame, ingawa kiti ki wazi.

Twapenda kumlaumu konda, na kweli ana lawama. Lakini yafaa tujue chanzo. Gari si lake wala si la dereva. Kila jioni dereva humpelekea mwenye gari fedha zilizopatanwa, ziitwazo hesabu, abiria wawe wengi au wachache. Mafuta pia ni juu yake. Kinachobaki ndicho mshahara wa dereva na konda, na wengi wao hawana mkataba wowote. Kwa hiyo machoni pa konda kila mwanafunzi ni nafasi ya mtu mzima iliyopotea. Serikali imeagiza nauli ndogo, lakini pengo lake limeachwa mfukoni mwa kijana aliye maskini karibu sawa na baba wa mtoto. Naye kijana hulitupa juu ya aliye mdogo kuliko wote, yaani mtoto. Hivyo mzigo hushuka ngazi kwa ngazi hata umfikie asiye na wa kumtupia.

Hatari haiishi hapo. Msichana aliyeachwa kituoni mara tatu, mara nne, huja mtu wa pikipiki au wa gari zuri akamwambia, “Panda, nitakupeleka bure.” Wazazi, mwajua nyinyi wenyewe kwamba bure ya namna ile yaweza kuwa ghali. Wasichana wengine wameacha masomo kwa sababu iliyoanza na nauli.

Tufanye nini basi? Wenye mamlaka wanayo kazi yao: anayeagiza mtoto alipe kidogo aonyeshe pia nani atajaza kilichopungua, na mabasi ya wanafunzi yaongezwe. Wenye magari wapange hesabu ambayo mtu aweza kuilipa pasipo kumsukuma mtoto. Lakini sisi abiria tusijitoe. Daladala lenye watu thelathini walionyamaza ndilo humpa konda nguvu. Mtu mzima mmoja akisema kwa upole, “Kijana, mpandishe huyo mtoto,” mara nyingi wa pili ataitikia, na mkono ule mlangoni utashuka. Tumeona pia akina mama wanaowapakata watoto wasiowajua ili nafasi ipatikane. Hilo halihitaji sheria.

Nanyi wanafunzi, msilipe ubaya kwa matusi. Mwe na nauli tayari, mwondoke mapema, mpande wawili wawili au watatu, na msikubali kuchukuliwa na msiyemjua. Mwambieni mzazi kila mara mnapoachwa, hata kama mwaona haya.

Msomaji wa Kalemie au wa Bukavu asiseme, “Hayo ni ya Dar es Salaam.” Miji yetu nayo yatambaa milimani na mabondeni, na watoto wetu nao wangoja magari kando ya njia. Kesho asubuhi, ukiwa umeketi garini na mtoto mwenye daftari asimame mlangoni, usitazame upande wa dirisha. Sogea kidogo.