Kosa si la Dubu

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyosema wazee wetu. Lakini huko Marekani na Kanada, katika milima na misitu akaayo dubu, mambo yamekwenda kinyume. Mgeni huja na hema lake, akala, akalala, akaenda zake. Kisha mwenyeji ndiye apigwaye risasi.

Dubu hulala miezi ya baridi bila kula kitu. Kwa hiyo hapana budi anenepe kabla baridi haijaingia, na pua yake hunusa chakula kutoka mbali sana. Akipata mkate kambini leo, kesho atarudi pale pale, na woga wake kwa binadamu utapungua kila siku.

Wamarekani wenyewe ndio waliomfundisha. Katika mbuga ya Yellowstone, iliyoanzishwa mwaka 1872, watalii walikuwa wakiketi jukwaani jioni kuwatazama dubu wakila makombo ya mahoteli. Jaa la mwisho lilifungwa mwaka 1970. Kwa nini wakati huo? Usiku wa Agosti 13, 1967, katika mbuga ya Glacier, wasichana wawili wenye umri wa miaka 19 waliuawa na dubu wawili tofauti, mahali pawili mbalimbali. Tangu mbuga hiyo ianzishwe mwaka 1910, hakuna mtu aliyekuwa ameuawa na dubu humo. Karibu na mahali pamoja kati ya hapo, dubu walikuwa wakitupiwa makombo ili wageni wafurahi. Baadaye askari wa mbuga wakawaua dubu kadhaa.

Siku hizi sheria zinajulikana. Pika na uweke chakula mbali na hema, kama mita 90 hivi. Kining'inize juu mtini mbali na shina, au kifungie katika chombo kigumu asichoweza kukivunja. Sabuni na dawa ya meno pia, maana dubu hajui kwamba haziliwi! Usilale na nguo ulizopikia. Na ile dawa ya pilipili ya kupulizia ikae kiunoni. Wengine huinunua wakaizika chini ya mkoba, kana kwamba dubu atawangojea wapekue.

Wako wanaonung'unika kwamba wamelipa kiingilio, basi waachwe wastarehe. Sikubaliani nao hata kidogo. Hapa kwetu hakuna dubu wa mwituni, lakini nyani anayenyakua mkate mezani mbugani, jamani, ni nani aliyemwonjesha kwanza?

Dubu aliyezoea kambi wakati mwingine huchukuliwa akapelekwa mbali, lakini wengi hurudi kwa miguu yao. Akirudi, huuawa. Aliyeacha mifupa ya kuku kando ya moto wakati huo yuko nyumbani kwake, akiwaonyesha jirani picha za safari.