MTOTO WA MFANYI KAZI SI KIKAPU CHA SADAKA

Ndugu memba,

Muhula huu tena bahasha zimekuja nyumbani. Twazijua sote. Bahasha ya khaki, jina la mtoto juu, jina la shule chini yake, na mahali pa kuandika kiasi. Wengine wamepewa kadi yenye mistari ishirini, mtoto apite nyumba kwa nyumba, dukani na stendi ya matatu, akitafuta watu wa kuijaza. Juu ya hayo kuna pesa za basi la kwaya, pesa za safari ya kwenda kuona wanyama, pesa za zawadi ya mgeni wa heshima, na pesa za chakula cha mgeni huyo huyo. Malalamiko juu ya jambo hili yamefika katika ofisi ya tawi mara nyingi, na ndiyo maana twalisema leo. Wako watakaouliza: Chama cha wafanyi kazi chahusika nini na mambo ya shule ya msingi?

Chahusika sana. Mshahara tunaougombania mezani na waajiri ndio unaotiwa katika bahasha ile. Tukipata nyongeza mwezi wa Januari, nayo ikamezwa na kadi na bahasha kabla ya Pasaka, tumepata nini? Na mtoto anayerudishwa nyumbani saa tatu asubuhi ni mtoto wetu. Watoto wa meneja hawasomi pale.

Lakini kwanza tuelewane, asije mtu akasema kwamba Chama kinapinga nyimbo na matembezi. Hatupingi. Mashindano ya muziki ya Kenya yalianza mwaka 1927, na kwa miaka mingi yalikuwa jambo la Wazungu na wageni wao. Hivi leo mtoto wa kibarua aweza kusimama jukwaani akaimba wimbo wa kabila lake, au akaghani shairi mbele ya mwamuzi, na watu wakanyamaza kumsikiliza. Baba yake hajanyamaziwa hivyo hata siku moja, si kiwandani, si kwa chifu. Hiyo si anasa. Na matembezi ni hivyo hivyo. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1946, nayo iko mpakani mwa mji kabisa; simba wake wako karibu na viwanda vya Industrial Area kuliko wengi wetu tulivyo karibu na makwetu. Hata hivyo wako watoto wa Mukuru na Kayole waliozaliwa Nairobi na kumaliza shule bila kumwona twiga ila katika picha ya kitabu. Wako watoto wa Mombasa wanaopita nje ya Fort Jesus kila wiki wakiwa na ndoo kichwani, wasiingie ndani hata mara moja. Tunataka waimbe, na tunataka waende. Ugomvi wetu ni juu ya nani hulipa, kwa njia gani, na nani hubaki nyuma.

Memba mmoja wa tawi letu, mama wa watoto watatu, fundi wa cherehani, ametueleza yaliyompata. Shule ya mtaani kwake ilitangaza safari ya kwenda Nakuru kuona ziwa. Kila mtoto shilingi 1,500. Kijana wake wa Gredi ya 5 alipeleka shilingi 600 kwa vipande. Asubuhi ya safari alivaa sare iliyopigwa pasi, akafika shuleni saa kumi na moja na nusu, akasimama kwenye mstari pamoja na wenzake. Majina yakasomwa. Lake halikusomwa. Watoto kumi na tisa walibaki wakitazama basi likitoka langoni, kisha wakaambiwa wafagie madarasa, kwa kuwa hapakuwa na mwalimu wa kuwafundisha siku ile. Zile shilingi 600 hazijarudishwa mpaka leo, wala hakuna karatasi inayoonyesha kwamba zilipokelewa.

Tupige hesabu kidogo, maana hesabu haina upendeleo. Serikali ilipoanza elimu ya bure mwaka 2003, ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka mzima. Baadaye kiasi hicho kiliongezwa kikawa shilingi 1,420. Gawanya kwa siku za mwaka: haifiki shilingi 4 kwa siku. Hiyo ndiyo ya vitabu, chaki, maji, taa na kutengeneza madirisha, nayo mara nyingi hufika ikiwa imechelewa. Basi safari ile moja ya Nakuru iligharimu kuliko fungu la Serikali kwa mtoto yule kwa mwaka mzima. Mwalimu mkuu aliyekalia kiti kile afanye nini? Hatumlaumu mwalimu peke yake. Mwalimu naye ni mfanyi kazi, ana chama chake tangu mwaka 1957, na mara nyingi yeye ndiye atoaye nauli mfukoni mwake ili mtoto mmoja asikose. Tunalaumu mpango unaomfanya mwalimu kuwa mtoza ushuru na mtoto kuwa tarishi wake.

Wala jambo hili si geni. Januari 1974 ada iliondolewa kuanzia darasa la 1 mpaka la 4, watu wakashangilia. Haukupita muda shule zikaleta pesa za majengo, na mahali pengi pesa hizo zikapita ile ada iliyoondolewa. Mwaka 1979 Rais Moi alikataza michango, watoto wakanywa maziwa ya bure. Miaka ya mwisho ya themanini ikaja siasa ya kugawana gharama, na mzazi akarudi pale pale. Mwaka 2003 milango ikafunguliwa tena, watoto wapata milioni 1.3 wakaingia zaidi ya waliokuwako. Na leo tuna bahasha. Kila mara kitu kile kile huondolewa kwa mlango wa mbele, hurudi kwa dirisha kikiwa kimevaa kofia nyingine.

Wenye kutetea bahasha watatutajia harambee. Vyema, tuizungumze. Kabla Mzee Kenyatta hajalifanya neno la taifa mwaka 1963, harambee lilikuwa neno la watu wa kazi, wapagazi na makuli wakivuta mzigo mzito kwa pamoja. Mmoja aliita, wote wakavuta. Hapakuwa na mtu aliyekaa kwenye kiti cha sofa chini ya hema, akitazama. Na kabla ya neno hilo kuwa la taifa, kazi yenyewe ilikuwako. Katika miaka ya 1930 wazazi wa Kikuyu waliotengana na wamisheni walijenga shule zao wenyewe, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu huko Githunguri. Pesa zilitoka kwa marika; kila rika likajitoza lenyewe na kushindana na rika jingine. Hakuna bwana mkubwa aliyefika na mkoba wa noti. Serikali ya kikoloni ilikifunga chuo kile mwaka 1952, ikapafanya mahali pa kunyongea watu. Hiyo ndiyo harambee tunayoiheshimu: watu waliochanga walijua zinakwenda wapi, na waliweza kumwuliza mweka hazina.

Harambee ya leo ya shule yafanywaje? Hema, vipaza sauti, viti vya plastiki kwa wazazi na viti vya nguo kwa wageni. Kwaya imefanyishwa mazoezi tangu wiki ya kufungua shule, si kwa mashindano, bali kwa wimbo wenye jina la mgeni ndani yake. Watoto wamesimama juani tangu saa tatu. Mgeni afika saa saba, aketi, aimbiwe. Kisha asimama, afungua mkoba, wapiga picha wasogea. Mwezi wa Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto alitangaza kwamba maofisa wa Serikali wasishiriki tena katika harambee. Yaliyoendelea mitaani kwetu tangu siku ile, kila memba ameyaona kwa macho yake.

Halafu kwaya ile ile ikishinda katika kaunti na kutakiwa kwenda mbele, mwenye basi asema lipeni kwanza, na mgeni wa heshima hashiki simu. Jambo la kuchekesha ni kwamba kati ya mashairi na nyimbo ambazo watoto hutungiwa kwa mashindano, ziko za kuwahimiza watu walipe kodi. Twalipa! Yetu hukatwa kabla hatujaiona. Watoto wangetungiwa na shairi la kuuliza kodi hiyo imefanya kazi gani shuleni kwao.

Sasa tumfikie bwana mwajiri, maana yeye naye ameanza kupenda watoto. Kampuni moja ambayo memba wetu wanafanya kazi kwake ilikataa nyongeza tuliyoomba, ikasema biashara ni mbaya. Miezi miwili baadaye meneja alionekana gazetini katika shule moja, ameshika hundi kubwa ya karatasi ngumu urefu wa mlango, kwaya imesimama nyuma yake, na tangi la maji limepakwa rangi za kampuni. Tangi ni kitu kizuri, na maji yatanywewa. Lakini waliokaa mstari wa nyuma siku ile wakipiga makofi walikuwa wazazi wanaofanya kazi katika kampuni hiyo hiyo kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Sadaka ikitolewa kwa njia iliyokubaliwa na sheria ya kodi ya mapato, huondolewa kwenye hesabu ya faida kabla ya kodi kutozwa. Elfu moja yako ya bahasha hutoka katika mshahara uliokwisha kukatwa kodi. Ni nani basi aliyetoa zaidi siku ile? Na ni nani aliyeimbiwa? Sisi twasema: bwana meneja, lipa mshahara unaostahili, na tangi la maji tutalinunua wenyewe, bila rangi.

Tumesikia hoja mbili kutoka kwa memba wenzetu, na tutazijibu. Ya kwanza, kwamba bila michango vioo havitatiwa madirishani, kwani Serikali haileti. Ni kweli kwa nusu. Lakini mchango wa hiari hauna orodha ya majina inayosomwa mbele ya darasa. Ukisomwa, ni kodi, na kodi ina sheria yake. Hoja ya pili, kwamba mwenye uwezo aende safari na asiye nao abaki, ndivyo dunia ilivyo. Ndugu aliyesema hivyo katika mkutano wa tawi ni memba wa miaka mingi, na tulishangaa. Mgomo hatuufanyi kwa namna hiyo. Kama pesa za basi zatosha watoto thelathini na darasa lina watoto hamsini, basi safari iwe ya karibu, wote waende. Nairobi hakukosekani mahali. Liko Jumba la Makumbusho la Taifa, na liko la Reli lenye magari-moshi ya zamani, ambayo babu za watoto hao hao waliyatia makaa.

Na sheria iko upande wetu, ila wengi hawajaisoma. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 29, yakataza ada ya masomo katika shule za umma. Malipo mengine yaweza kutozwa kwa idhini ya Waziri akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, lakini mtoto hawezi kukataliwa shuleni kwa sababu hakulipa. Na tena sheria hiyo hiyo yasema mtu asikusanye malipo bila kutoa risiti rasmi. Kwa hivyo ukiambiwa “leta tu, risiti baadaye”, aliyesema hivyo ndiye avunjaye sheria, si wewe. Sheria hiyo yataka pia kila shule ya umma iwe na chama cha wazazi. Ingieni humo. Tumewafundisha wasimamizi wetu wa kazi kusoma daftari la hesabu la kampuni. Daftari la shule lina kurasa chache zaidi.

Kuna jambo moja jingine ambalo ni kazi ya Chama hasa. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yatupa siku 21 za likizo kwa mwaka, lakini haimpi mzazi hata saa moja kwa ajili ya shule. Mashindano ya nyimbo hufanywa siku za kazi, na mikutano ya wazazi pia. Mwenye kazi ya kudumu huomba ruhusa kwa msimamizi na kunyimwa. Kibarua huenda akapoteza ujira wa siku. Hivyo mkutano wa wazazi hubaki kwa wachache wenye nafasi, nao hupitisha michango ya wengi wasiokuwapo. Kamati ya tawi imekubali kutia katika mapatano yajayo dai la nusu siku yenye malipo katika kila muhula kwa kila mzazi mwenye mtoto katika shule ya msingi, baba au mama. Waajiri watacheka. Walicheka pia tulipodai glavu.

Tusaidieni kulijenga dai hili. Memba aliyetoa pesa za kwaya, safari, majengo au mgeni wa heshima mwaka huu ailete risiti kwa karani wa tawi. Asiyepewa risiti aandike kiasi, tarehe na sababu aliyoambiwa, bila kuandika jina la mtoto. Karani yuko ofisini kila siku baada ya kazi, na Jumamosi mpaka saa saba. Karatasi zote zitasomwa katika mkutano wa Jumapili ya mwisho wa mwezi, na walimu wote walio karibu wamealikwa kuja kusema upande wao.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Tawi