Mtoto asiyetazama: Usingoje atimize mwaka

Mtoto wa wiki sita akiletwa kliniki hupimwa uzani, hudungwa sindano na kupewa matone ya polio. Swali moja aghalabu husahaulika: je, anamtazama mamake usoni? Kijitabu cha mama na mtoto kina sehemu ya macho, na haifai kuachwa wazi.

Kwa kawaida, katika umri huo mtoto huanza kuukazia macho uso wa mama. Akifika miezi mitatu, hufuata kwa macho kitu kinachosogezwa mbele yake. Asipofanya hivyo, wazazi wengi hapa Nyamache hudhani ni kipofu, au huambiwa na majirani kwamba amepatwa na jicho la husuda.

Kumbe mara nyingine macho yenyewe ni mazima. Kilichodhurika ni ubongo, ambao hupokea habari kutoka machoni na kuchagua cha kutazamwa. Madhara hayo huweza kuletwa na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kupungukiwa na sukari siku za kwanza, au homa ya uti wa mgongo. Kwa hivyo mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa achunguzwe mapema, hata kama ananyonya vizuri.

Ubongo wa mtoto mchanga ungali unajengeka, na huhitaji mazoezi. Nyumbani, zima redio. Mpakate mtoto, tundika kitambaa cheusi mbele yake, kisha umwonyeshe kitu kimoja tu, kwa mfano kikombe chekundu. Kisogeze polepole. Mpe muda, kwani huenda akakawia kugeuza macho. Akichoka, mpumzishe. Si watoto wote watakaoona sawasawa, lakini wengi hupata nafuu miezi inapopita.

Tahadhari: mtoto aliyekuwa akitazama akiacha, tena awe anajikunja ghafla mara kwa mara, hasa anapoamka, huenda ni kifafa. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Vituo vya serikali vya kuchunguza watoto wenye mahitaji maalum vilianzishwa nchini mwaka 1984. Viko chini ya Wizara ya Elimu, hivyo wazazi wengi huvikumbuka mtoto akikaribia kuingia shule. Hapo miaka ya thamani imepotea. Maoni yangu ni kwamba muuguzi wa chanjo ndiye anayefaa kuwa wa kwanza kumwelekeza mzazi huko. Najua foleni ni ndefu, lakini swali lenyewe halichukui hata dakika moja. Naye asipouliza, mama, uliza wewe.