Anayemsemea mkulima kwenye ushuru awajibike kwake

Mkulima wa mpunga wa Igawa, wilayani Mbarali, hupatana bei na dalali kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Lakini sehemu ya bei hiyo huamuliwa mbali naye, kwenye vikao vya ushuru wa forodha. Je, anayemsemea huko anawajibika kwa nani?

Swali hili si geni. Enzi za Waingereza, mamlaka ya kujadiliana biashara na mataifa mengine yalikuwa London. Kufikia 1927 Tanganyika ilikuwa imeunganishwa na Kenya na Uganda katika umoja wa forodha. Ushuru wa ngano kutoka nje uliwekwa juu ili kuwalinda walowezi wa Kenya. Mlaji wa Tanganyika akalipa zaidi, na hazina yake ikakosa mapato. Baraza la Kutunga Sheria lilianza 1926, lakini Waafrika wa kwanza waliingia 1945. Mkulima hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Leo yupo. Mwaka 2016 Bunge liliishauri Serikali isisaini mkataba wa EPA na Umoja wa Ulaya, na haikusaini. Koloni lisingeweza kukataa hivyo.

Hata hivyo, kuwa na serikali yako hakutoshi. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza 2005, uliweka ushuru wa asilimia 75 kwa mchele wa nje. Kwa miaka mingi Kenya imeruhusiwa kutoza asilimia 35, hatua inayounufaisha mchele wa Pakistan, mnunuzi mkubwa wa chai yake. Wakulima wa chai walipata msemaji. Na mwaka 2013 Tanzania yenyewe iliruhusu mchele wa nje kuingia bila ushuru. Bei ikaporomoka kwa wakulima.

Dawa si kujitoa kwenye Jumuiya, kwa kuwa Kenya na Uganda ni wateja wa mchele wetu. Dawa ni kuwahi. Mawaziri wa fedha wa Jumuiya hukubaliana viwango kabla ya bajeti za Juni. Vyama vya ushirika na skimu za umwagiliaji viandike mapema gharama halisi ya gunia moja, kuanzia kulima hadi kukoboa, na kumkabidhi mbunge takwimu hizo. Baada ya bajeti wamwite aeleze kilichoamuliwa.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Asiyelima mpunga hawezi kuutetea vizuri bila kuelezwa na anayeulima.