Kulinda Msitu ni Kazi, na Kila Kazi Ina Ujira Wake

Wapo watu miongoni mwetu ambao kila wasikiapo habari za vijiji vya Usambara Mashariki huwa na neno moja tu: "Wanavijiji wale wanamaliza msitu." Baadhi yao husema hivyo wakiwa wameketi majumbani mwao Tanga mjini, bomba likitiririka jikoni. Hawajiulizi maji hayo yametoka wapi. Yametoka Mto Zigi, na Mto Zigi huzaliwa katika misitu ile ile, kando ya vijiji vile vile, kabla haujafika kwenye bwawa la Mabayani. Mtu anayemlaani jirani wa chemchemi huku akinywa maji yake hana budi kuelezwa ukweli.

Kwanza tuitazame hali ilivyo. Pale Amani hunyesha mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo ni neema kwa msitu, lakini kwa mwanakijiji ni neema yenye gharama. Masika yakishika, njia za udongo ziendazo kwenye vijiji vya pembezoni hugeuka utelezi mtupu. Gari halipandi, na pikipiki hupanda kwa kudra ya Mungu. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku hubebwa kwenye machela, vijana wakipokezana mabega mteremko hadi mteremko. Iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga, mazao ambayo mjini ni ya thamani kubwa, hushushwa kichwani hadi barabarani, na huko mwenye gari ndiye apangaye bei. Mkulima hana ghala, hana usafiri, wala hana wasaa wa kungoja. Akiikataa bei hiyo, atamuuzia nani? Apandishe tena mzigo mlimani?

Hao ndio watu tunaowaambia kila siku kwamba wautunze msitu kwa faida ya taifa na ya dunia nzima.

Pili, tuulize bila kigugumizi: ni nani hasa aliyeanza kuufyeka msitu huo? Tangu miaka ya 1890 wakoloni wa Kijerumani walifungua mashamba makubwa ya kahawa katika milima hiyo, na mwaka 1902 wakaanzisha taasisi yao ya utafiti wa kilimo pale Amani. Baadaye chai ikachukua nafasi ya kahawa. Baada ya Uhuru, sisi wenyewe tukaingiza misumeno ya injini na matrekta ya kuburuta magogo, kwa msaada wa Finland, mpaka kelele za wataalamu zilipotulazimisha kusimamisha uvunaji huo katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Shoka la mwanakijiji lilikuwa kitu gani mbele ya mitambo hiyo?

Hatusemi kwamba mwanakijiji ni malaika. Iliki hupenda kivuli, na ili kuipanda wakulima walifyeka miti midogo iliyo chini ya ile mikubwa. Miaka ilipopita na rutuba kupungua, pahali pengi iliki iliwapisha migomba na mihogo, na miti ya kivuli ikaanguka. Hilo ni kosa. Lakini mtu hulima iliki msituni kwa sababu ina mnunuzi; wala hajapata kumwona mnunuzi wa kivuli, wa ukungu, wala wa chemchemi isiyokauka. Kile tunachokililia sisi sote hakuna anayekilipia.

Mfano wa Derema unatosha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliamuliwa kwamba msitu wa Derema, ambao ni kiungo baina ya misitu ya Amani na ile iliyo kaskazini yake, uhifadhiwe kabisa. Zaidi ya wakulima 1,000 wakatakiwa kuacha mashamba yao ya iliki. Uamuzi wenyewe ulikuwa na hoja. Lakini baina ya siku ya kuhesabiwa mimea na kukamilika kwa malipo ilipita miaka kadhaa, na muda wote huo tumbo halikuahirishwa. Tena fidia hulipwa mara moja, ilhali shina la iliki lilikuwa likimlipa mkulima kila msimu.

Mfano wa pili ni wa vipepeo. Mamia ya kaya za huko zilifundishwa kufuga vipepeo na kuwauza nchi za Ulaya na Marekani wakiwa hawajatoka katika maganda yao. Mfugaji wa vipepeo anahitaji msitu uliosimama, kwa hiyo biashara hiyo ilimfanya mlinzi wa msitu kwa hiari yake. Mwaka 2016 ikatoka amri ya kuzuia wanyama hai wasisafirishwe nje ya nchi. Amri ile ilikusudiwa kuzima ulanguzi wa wanyamapori, na tunaiunga mkono nia hiyo. Lakini mama mwenye kitalu cha vipepeo akapigwa kwa fimbo ile ile aliyochongewa mlanguzi. Kipato kikakatika, na hakuna aliyemweleza ale nini kesho yake.

Na tusisahau lile ua dogo la urujuani liitwalo Saintpaulia. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga aliupeleka mmea huo kwao kutoka Usambara. Leo unapamba madirisha ya mamilioni ya nyumba duniani, na wauza maua wamevuna mali isiyo na hesabu. Kijiji ulikochumwa kimepata nini? Hata shukrani hakikupata.

Watajibu wakubwa kwamba wanavijiji wanahitaji elimu ya mazingira. Elimu ni njema, lakini semina haijazi chungu. Watajibu pia kwamba fedha hazipo. Hapo tunakataa. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani na kupata shilingi bilioni 53.12 za kupanua huduma zake. Tunaipongeza, kama tunavyoipongeza kwa kushirikiana na UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wahifadhi wa Kihuhwi na Zigi. Lakini jambo hilo limethibitisha kwamba maji ya Zigi ni mali, na kwamba wenye fedha wako tayari kukopesha kwa ajili yake. Mali inayoweza kukopewa mabilioni haiwezi kukosa ujira wa walinzi wake.

Basi tunadai mambo matatu. Kwanza, sehemu maalumu ya bei ya kila uniti ya maji ya Zigi iwekwe kisheria kwa ajili ya vijiji vya chanzo, na hesabu yake isomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Pili, sheria imtenge waziwazi mfugaji wa vipepeo na mlanguzi wa wanyamapori, ili yaliyotokea mwaka 2016 yasirudiwe. Tatu, njia za vijiji zitengenezwe zipitike masika na kiangazi, na wakulima wa viungo wajengewe maghala ya ushirika, ili bei isipangwe tena na mwenye gari peke yake.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikubali kwamba vijiji vishirikishwe katika kusimamia misitu. Ni jambo jema. Lakini kumshirikisha mtu katika doria bila kumshirikisha katika mapato si ushirikiano, ni kumtumikisha. Tangu lini mlinzi wa ghala akaambiwa alinde usiku kucha kwa sababu tu ghala ni muhimu kwa taifa? Hulipwa mwisho wa mwezi, na asipolipwa hatumshangai akiondoka. Mlinzi wa msitu wa Usambara hana mahali pengine pa kwenda. Hiyo si sababu ya kumnyima ujira wake.