Mlango wa Chuo Hufungwa kwa Tarehe



Kila mwaka, mwezi wa Mei, vijana wetu wa Lumumba na wa shule nyingine hapa Unguja hufanya mtihani wa Kidato cha Sita. Mpaka mwaka 2013 mtihani ule ulifanywa Februari. Tangu 2014 umehamia Mei. Hapo kale kijana alikuwa na miezi mingi ya kutengeneza mambo yake kabla ya chuo kufunguliwa. Siku hizi matokeo hutoka Julai, na mwezi huo huo maombi ya vyuo vikuu huanza kupokelewa. Yaani amebakiwa na majuma machache tu.

Wenzetu wa Marekani huchagua siku. Mtoto anayetaka kuomba chuo mapema, ambacho aghalabu hufunga mlango tarehe 1 Novemba, aweza kufanya mtihani wao uitwao SAT mwezi wa Agosti, na akiona alama hazikumpendeza, akarudia Oktoba. Wa kwetu hana nafasi hiyo. Mei ikipita imepita. Basi kilichomo mikononi mwetu si tarehe ya mtihani, bali karatasi zake.

Na hapo ndipo tunapochelewa. Mzazi husema, “Tungoje kwanza majibu.” Lakini mwaka 2025 Bodi ya Mikopo ya Tanzania ilianza kupokea maombi katikati ya Juni, matokeo hayajatoka bado! (Bodi ya Zanzibar hutangaza tarehe zake yenyewe, msizichanganye.) Tena mwombaji hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, na aliyezaliwa hapa Visiwani huhakikishiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Kazi hiyo haingoji alama hata moja. Yaweza kufanywa mtoto akiwa Kidato cha Tano.

Wengi huja mezani pangu kutaka cheti cha ubatizo, wakidhani chatosha. Hakitoshi. Kitabu chetu ni cha Kanisa, wala hakishiki mahali pa cheti cha Serikali. Na ubaya zaidi ni majina. Mathalani, shuleni kijana ameandikwa Paulo John, na kwenye cheti cha kuzaliwa ni Paul Yohana. Kwa mama yake ni mtu mmoja. Kwa mashine ya kupokea maombi ni watu wawili. Kusawazisha jambo hilo ni kwenda mjini na kurudi, mara mbili, mara tatu, na kila safari ni nauli. Mwenye kuanza Agosti atafika mlango umefungwa, hata kama alama zake ni nzuri sana.

Sasa wale wa Kidato cha Nne waliokosa alama. Matokeo yao hutoka Januari. Anayetaka kurudia mwezi wa Novemba kama mtahiniwa wa kujitegemea hujiandikisha mwanzoni mwa mwaka. Miaka ya karibuni ada ya kawaida imekoma mwisho wa Februari, na baada ya hapo hulipwa zaidi kwa muda mfupi. Nimeona binti akilia nyumbani mwezi mzima, kisha akaenda kwenye mwani na mama yake, na wazazi wakaona haya kulitaja jambo lile. Alipozinduka ilikuwa Aprili. Mwaka mzima umekwenda, si kwa kushindwa, bali kwa haya.

Vyuo vingine vina mtihani wao wenyewe. Kile cha IIT Madras, kilichofunguliwa Bweleo mwaka 2023, huwachuja waombaji wake kwa mtihani wa peke yake. Anayekitaka na aulize tarehe mapema, asingoje Julai.

Mwenye mtoto Kidato cha Tano mwaka huu na aje na cheti cha kuzaliwa pamoja na cha Kidato cha Nne, tuvisome herufi kwa herufi. Ofisi i wazi kila asubuhi isipokuwa Jumatatu.